Nyota mkia ikivunjika, vimondo vinakuja lini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikitangazwa kwamba mvua kubwa ya vimondo inakuja, maswali yanayofuata ni yaleyale, na mengi ni ya maana kabisa, kwahiyo nimeyakusanya hapa. Mfano mkubwa humu ni nyota mkia inayoitwa 73P/Schwassmann-Wachmann 3, tuiite SW3 kwa kifupi, iliyovunjika mwaka 1995 na vumbi lake likatufikia Mei 2022. Nimeichagua kwa sababu utabiri wake ulizunguka sana kwenye simu za watu, na wengi mpaka leo wanaamini ulikuwa uongo wakati haukuwa uongo. Ukiona nimeandika "angalia swali fulani" jibu liko huko, sijalirudia.

## Mambo ya kuanzia

Mvua ya vimondo ni nini hasa?

Ni Dunia kupita kwenye vumbi lililoachwa na nyota mkia (mara chache na asteroidi, yaani mwamba unaolizunguka Jua). Chembe nyingi ni ndogo sana, ukubwa wa punje ya mchanga au pungufu, ila zinaingia angani kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa sekunde, hewa inazichoma zikiwa kilomita kama 80 mpaka 100 juu yetu na sisi huku chini tunaona mstari wa mwanga umepita mara moja umekwisha. Nyota hazianguki hata kidogo, zenyewe ziko palepale.

Mbona mvua nyingine zinakuja kila mwaka na nyingine mara moja halafu basi?

Vumbi la zamani limeshasambaa kwenye obiti nzima ya nyota mkia, yaani njia yake ya kulizunguka Jua, kwahiyo kila mwaka Dunia ikifika pale inalikuta, ndio maana Perseidi zipo kila Agosti na Geminidi kila Desemba. Vumbi jipya bado limekaa kwenye mchirizi mwembamba, Dunia inaweza kuupita pembeni miaka na miaka bila kuugusa, halafu mwaka mmoja ikaingia katikati yake. Hapo ndipo unapata kitu kikubwa kwa saa chache tu. Utabiri tunaouongelea humu ni wa hiyo michirizi.

Nyota mkia inavunjikaje, kwani inagonga kitu?

Mara nyingi haigongi chochote. Kiini chake ni barafu, vumbi na mawe vilivyoshikana kwa ulegevu sana. Kikikaribia Jua barafu inageuka gesi, gesi inatoka kwa nguvu, na ikitoka upande mmoja zaidi ya mwingine inaweza kukizungusha kiini mpaka kikashindwa kujishikilia. Nyingine zinapasuliwa na mvuto, kama Shoemaker-Levy 9 iliyopita karibu mno na sayari ya Mshtarii (Jupiter) mwaka 1992, ikakatika vipande na Julai 1994 vikaigonga sayari hiyohiyo. SW3 haikuwa karibu na sayari yoyote kubwa ilipovunjika, ilikuwa inapita karibu na Jua kama kawaida yake.

Na ikivunjika, ndio vimondo vinakuwa vingi zaidi?

Inawezekana, na hapo ndipo pana utamu. Nyota mkia nzima inatoa vumbi kutoka juu ya uso wake tu, ila ikipasuka, sehemu za ndani ambazo hazijawahi kuona Jua zinabaki wazi na vumbi linamwagika kwa wingi ndani ya wiki chache. Ila wingi peke yake hautoshi, lazima hilo vumbi lifike mahali ambapo Dunia inapita, na lifike siku hiyohiyo Dunia inapita. Angalia swali la NASA, "ama tutaona ama hakuna kabisa", huko chini.

Imeshawahi kutokea kweli au ni nadharia?

Imetokea, na ilitisha. Nyota mkia ya Biela, iliyopewa jina la Wilhelm von Biela aliyeiona mwaka 1826, ilikuwa inarudi kila miaka 6 na miezi kadhaa. Iliporudi mwishoni mwa 1845 kuingia 1846 watu wakaiona imegawanyika mbili. Mwaka 1852 zikarudi zote mbili zikiwa zimeachana kama kilomita milioni 2, na baada ya hapo hakuna aliyeziona tena mpaka leo.

Halafu usiku wa tarehe 27 Novemba 1872, Dunia ikiwa inakatiza kwenye njia ya Biela, Ulaya wakaona vimondo maelfu kwa saa, na tarehe 27 Novemba 1885 ikajirudia, kubwa zaidi. Huo usiku wa 1885 ndipo Ladislaus Weinek alipopiga kule Prague picha ya kwanza ya kimondo kuwahi kupigwa. Uhusiano wa vimondo hivyo na Biela ulikuwa umeshaonyeshwa mwaka 1867 na watu kama Edmund Weiss na Heinrich d'Arrest, yaani hata kabla ya kompyuta walijua waangalie wapi. Kuna mtaalamu mmoja wa nyota, Klinkerfues wa Göttingen, Ujerumani, baada ya usiku ule wa 1872 alimpelekea telegramu Pogson aliyekuwa Madras, India, akimwambia Biela imeigusa Dunia, aitafute upande wa pili wa anga. Pogson akatafuta na akaona kitu kama nyota mkia kweli, ila hesabu zikaonyesha sio Biela. Hesabu za kompyuta za miaka ya 2000 zinasema vumbi la dhoruba zile lilitoka hasa wakati Biela inavunjika, sio vumbi lake la siku zote.

## SW3 na usiku wa Mei 2022

SW3 ni ipi?

Ni nyota mkia ndogo iliyogunduliwa Mei 1930 na Wajerumani wawili, Arnold Schwassmann na Arno Arthur Wachmann, kwenye kituo cha Hamburg kilichopo Bergedorf. Inalizunguka Jua kila baada ya miaka 5 na miezi kama mitano. Mwezi ule ule wa kugunduliwa ilipita kilomita kama milioni 9 tu kutoka kwetu, kisha ikapotea mpaka 1979.

Mwaka 1995 ndio mambo yakabadilika. Ilitarajiwa kuwa hafifu, badala yake ikang'aa mara mia kadhaa kuliko ilivyotegemewa, na Desemba mwaka huo darubini za La Silla nchini Chile zikaonyesha sababu, kiini kilikuwa kimekatika vipande. Iliporudi 2006 ikapita kilomita kama milioni 12 kutoka Duniani, vilihesabiwa vipande zaidi ya 60, na darubini ya Hubble ikaona vile viwili vilivyopewa herufi B na G vikiendelea kumomonyoka, vipande vidogo vingi vikiachia na kubaki nyuma yake.

Nani alitabiri 2022, na walijua tangu lini?

Hili linashangaza wengi kwa sababu taarifa iliwafikia wiki chache kabla wakadhani ni jambo la juzi. Hartwig Lüthen, Rainer Arlt na Michael Jäger walichapisha mwaka 2001 kwamba Dunia ingekutana na vumbi la mwaka 1995 tarehe 31 Mei 2022. Paul Wiegert na wenzake wakaja na hesabu zao 2005, na Jérémie Vaubaillon wa Ufaransa naye akapiga za kwake. Watu tofauti, programu tofauti, tarehe ileile na karibu saa ileile, kama 05:00 kwa saa za dunia, yaani UT. Miaka 21 kabla! Mimi hapo huwa nasimama kidogo, maana ni vumbi ambalo hakuna aliyeliona kwa macho likija.

Kwanini NASA walisema ama tutaona mvua ya vimondo ama hakuna kabisa?

Kwa sababu ya mahali vumbi lilipotakiwa kuwa. SW3 yenyewe ilikuwa inafika karibu na Jua tarehe 25 Agosti 2022, sisi tunapita pale tarehe 31 Mei. Kwahiyo ili tukutane na vumbi, lilitakiwa liwe limeitangulia nyota mkia kwa zaidi ya miezi miwili. Tangu 1995 ilikuwa imezunguka mara tano, ukigawanya unapata kwamba vumbi lilipaswa kuwahi kwa kama wiki mbili kila mzunguko.

Sasa chembe ya kutangulia ni ile iliyorushwa kinyume na mwendo wa nyota mkia. Inaonekana ajabu lakini ndivyo obiti zilivyo, ukipunguza mwendo unaingia kwenye obiti ndogo zaidi, obiti ndogo inachukua muda mfupi zaidi kuizunguka, kwahiyo unarudi mapema. Na mwanga wa Jua unafanya kazi ya upande wa pili, unazisukuma chembe ndogo ziingie obiti kubwa zichelewe. Ndio maana ili chembe za SW3 zitufikie zilitakiwa ziwe kubwa kidogo na ziwe zimerushwa kwa nguvu kuliko kawaida. Bill Cooke wa NASA alitaja kama kilomita 350 kwa saa, ikizidi hapo tunaona kitu, ikipungua hakuna kinachofika Duniani. Picha za darubini ya Spitzer zilikuwa zimeshaonyesha dalili kwamba baadhi ya chembe zina kasi hiyo, ila uhakika haukuwepo, na kwa maoni yangu kusema wazi namna ile ilikuwa heshima kwa watu kuliko kuwaahidi dhoruba.

Haya, ikatokea nini?

Vimondo vilikuja. Usiku wa Mei 30 kuamkia 31, Amerika ya Kaskazini, Mwezi haukuwepo kabisa na anga lilikuwa giza safi. Watu waliona vimondo vya polepole, vingi hafifu, na kilele kilikuja karibu na muda uliotabiriwa, kikiwahi kidogo. Kiwango kilikuwa makumi kwa saa, dhoruba ya maelfu haikutokea.

Kwahiyo ukisikia mtu anasema "walidanganya", mwambie siku waliipata, saa waliipata kwa karibu, na swali kubwa lililokuwa limebaki, kama lile vumbi lina kasi ya kutosha, likajibiwa ndiyo.

Mbona vilikuwa hafifu?

Kasi. Vimondo vya SW3 vinaingia kwa kilomita 16 kwa sekunde tu kwa sababu vinatukimbilia kwa nyuma. Perseidi ni kilomita 59, Leonidi (mvua ya vimondo ya Novemba) ni 71. Nguvu inapanda kwa mraba wa kasi, kwahiyo chembe yenye uzito uleule ikija na Leonidi ina nguvu kama mara 20 ya ile ya SW3. Vumbi linaweza kuwa jingi sana na bado macho yakaona kidogo.

Kwanini sisi Afrika Mashariki hatukuona kitu?

Kwetu ilikuwa saa 2 asubuhi, Jua limeshatoka zamani. Ni hivyo tu. Mchirizi ni mwembamba, Dunia inakwenda kilomita 30 kwa sekunde hivyo inaukatiza ndani ya saa chache, na upande wa Dunia uliopo usiku kwa wakati huo ndio unaoona.

Jina ni Tau Herculidi, mbona vilitokea kwingine?

Jina lilitolewa kwa hesabu za 1930, wakati obiti ya SW3 ilikuwa imekaa tofauti. Tangu hapo Mshtarii imeivuta, na mwaka 2022 vimondo vilionekana vikitokea karibu na Simaku, nyota ile angavu ambayo kwenye app nyingi imeandikwa Arcturus. Jina likabaki la zamani.

## Hesabu zinafanyikaje

Wanapataje saa kamili ya miaka ijayo?

Wanaanza na obiti ya nyota mkia, inayojulikana vizuri kwa sababu imepimwa kila iliporudi. Halafu kwenye kompyuta wanaifanya itoe vumbi, chembe maelfu mpaka mamilioni, kila moja na ukubwa wake na kasi yake ya kutokea, kwa kila mwaka nyota mkia ilipopita karibu na Jua. Vumbi la 1995 ni mchirizi mmoja, la 2001 ni mwingine. Kila chembe inafuatiliwa ikivutwa na Jua na sayari zote na kusukumwa na mwanga, mwaka baada ya mwaka. Mwisho wanaangalia zipi zinakatiza njia ya Dunia, lini, na kwa umbali gani.

Picha rahisi ni lori la mchanga lisilofunikwa turubai, mchanga unamwagika kidogokidogo barabarani, ukijua lori lilipita wapi na lini unajua mchanga uko wapi hata kama lori limeshaondoka.

Na hizo sayari kubwa zina nguvu kiasi gani ya kuharibu utabiri?

Kubwa sana. Mwaka 1899 watu wengi walikesha kusubiri Leonidi kwa sababu zilinyesha vibaya 1833 na 1866, hazikuja. Mshtarii na Zohali (Saturn) zilikuwa zimeusogeza mchirizi, na kuna wanahesabu wawili, Stoney na Downing, waliokuwa wameshatoa tahadhari hiyo. Miaka mia baadaye David Asher na Robert McNaught walifuatilia kila mchirizi kivyake, wakataja tarehe 18 Novemba 1999, 02:08 UT, na kilele kikaja tofauti ya dakika chache tu, vimondo vikihesabiwa maelfu kwa saa. Kwa hapa kwetu hiyo ilikuwa saa 11 alfajiri.

Kama saa wanaipata hivyo, mbona idadi wanakosea?

Saa inategemea mvuto, na mvuto tunaujua vizuri mno. Idadi inategemea vumbi lilitoka kiasi gani, ukubwa gani, na lilirushwa kwa kasi gani upande upi, na hayo hayapimiki moja kwa moja. Nyota mkia nzima angalau ina tabia, ukiwa na Leonidi za miaka ya nyuma unaweza kukadiria za mbele. Iliyovunjika ilivunjika mara moja, hakuna rekodi ya nyuma ya kulinganisha, kwahiyo unakadiria tukio ambalo hujawahi kuliona. Ukisoma utabiri wa aina hii amini saa kuliko idadi, na idadi ichukue kama "kati ya hapa na hapa".

Wakisema vimondo 50 kwa saa, mimi nitaona 50?

Hapana, na hili linaleta masikitiko mengi bure. Hiyo namba ni ya mtu aliye kwenye giza kamili, mbingu wazi, na sehemu vimondo vinapotokea iko juu kabisa ya kichwa chake. Ukiwa Kariakoo au katikati ya Nairobi na taa zote zile unaweza kuona viwili. Pia tukiwa karibu na ikweta, Perseidi vinatokea chini upande wa kaskazini, kutokea Dar sehemu yake haipandi zaidi ya nyuzi 25 hivi, ndio maana kwetu Geminidi za tarehe 13 na 14 Desemba ni bora zaidi.

## Kuangalia ukiwa huku kwetu

Nabadilishaje hiyo saa ya UT?

Ongeza 3 kwa Tanzania, Kenya na Uganda, ongeza 2 kwa Burundi, Rwanda na mashariki ya Congo, ongeza 4 kwa Oman. Ukipata jibu ndio ulibadilishe kwenye saa zetu za Kiswahili. Mfano 21:00 UT ni 00:00 Dar, yaani saa 6 usiku. Angalia na tarehe, 22:00 UT ya tarehe 13 kwetu ni saa 7 usiku na tarehe imeshakuwa 14, wengi wanatoka nje siku ambayo sio.

Nahitaji darubini?

Hapana, darubini inakubana uone sehemu ndogo. Mkeka, giza, uvumilivu, na simu iwekwe mbali kwa sababu macho yanahitaji kama dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza na ukiwasha kioo mara moja unaanza upya.

Je, vinaweza kuanguka kama kile kimondo cha Mbozi?

Hapana. Kimondo cha Mbozi pale Songwe ni pande la chuma na nikeli lenye urefu wa kama mita 3 na tani nyingi, asili yake ni asteroidi. Vumbi la nyota mkia ni laini na dogo, linaisha lote juu. Na vile vipande vikubwa vya SW3 vyenyewe vinafuatiliwa na obiti zake haziji kutugonga.

Basi kuna hasara yoyote?

Kwa satelaiti ipo. Agosti 1993, usiku wa Perseidi, satelaiti ya Ulaya inayoitwa Olympus ilipoteza uelekeo na ikaishia kustaafishwa, na kimondo ndicho kinachoshukiwa. Ndio maana NASA wana ofisi nzima ya mambo haya, wanaosimamia vyombo wakipewa saa mapema wanaweza kuvigeuza upande salama.

## Maswali ya pembeni

Nyota mkia ikipotea kabisa, vumbi lake bado linaweza kuja?

Ndiyo. Vimondo vya Biela vilififia kwa sababu Mshtarii iliusogeza mkondo wake, ila Desemba 2011 rada ya Canada ikavikamata vikiongezeka ghafla.

Na kuna mfano wa Bahari yetu ya Hindi. Desemba 1956 meli ya Kijapani Soya, iliyokuwa inaelekea Antaktika, ilikuwa kwenye Bahari ya Hindi pale waliokuwemo walipoona vimondo mamia kwa saa bila mtu yeyote kutabiri. Chanzo kilikuja kupatikana baada ya 2003, mabaki madogo ya nyota mkia ya Blanpain iliyoonekana 1819 tu halafu ikapotea. Wajapani Sato na Watanabe wakafuatilia michirizi yake, wakasema vitaonekana tena mwanzoni mwa Desemba 2014, na vikaonekana, vichache.

Ni kweli SW3 ilileta vimondo 1930?

Kuna rekodi ya kituo cha Kwasan, Kyoto, ambapo Kaname Nakamura alihesabu 59 ndani ya saa moja tarehe 9 Juni 1930. Ila Mwezi ulikuwa karibu kujaa na rekodi hiyo imekaa kama peke yake, kwahiyo wanaohesabu michirizi wanaitumia kwa uangalifu.

SW3 itarudi kutuonyesha kitu lini?

Hesabu za Wiegert na wenzake zinataja 2049. Kwa vumbi dogo dogo la zamani unaweza kubahatisha kimoja kimoja mwisho wa Mei mwaka wowote, usikeshe kwa ajili hiyo. Cha maana ni kwamba data za 2022 sasa zinatumika kurekebisha ile kasi ya kurushwa kwa vumbi, kwahiyo utabiri ujao hautaanzia gizani kama ule wa kwanza.

Nitajuaje tangazo la mvua ya vimondo ni la kweli?

Tangazo la kweli linataja saa ya UT na sio tarehe tu, linasema vumbi ni la nyota mkia gani na la mwaka gani, na linamtaja aliyepiga hesabu. Likiwa na picha ya mistari mia moja ya mwanga na maneno "usikose tukio la karne" bila hata kimoja kati ya hivyo, liache.

Nikiona vingi usiku ambao haukutabiriwa?

Andika saa ulipoanza na ulipomaliza, hesabu kila baada ya dakika 10 au 15, andika uko wapi, mawingu kiasi gani, na vilikuwa vinatokea upande upi, vya polepole au vya haraka. Kisha tuma kwa International Meteor Organization, wana fomu kwenye tovuti yao na mtu yeyote anaruhusiwa kuijaza. Kama hukuona kimondo hata kimoja usiku ambao vilitabiriwa na mbingu ilikuwa wazi, tuma na hiyo, sifuri ni data.